Arthur Casagrande: mzee wa bakuli na mapigo 25

Leo tuweke pembeni siasa na mpira, tuongelee udongo. Ndiyo, udongo huuhuu ulioganda kwenye soli ya kiatu chako. Usifunge ukurasa kwanza! Kuna jamaa alifariki mwaka 1981, anaitwa Arthur Casagrande. Kwa mainjinia wa ujenzi jina lake ni kama Pele kwa wacheza mpira, lakini huku mtaani hatumjui kabisa. Na hii si haki, maana barabara unayopita na bwawa linalokuletea maji ya bomba vinahusiana na kazi yake.

Swali alilohangaika nalo ni jepesi ukilisikia. Mimi na wewe tukishika udongo uleule, mimi nikasema unafaa kujengea na wewe ukasema haufai, nani yuko sahihi? Nani ataamua? Mwenye cheo? Mwenye pesa? Casagrande alitaka jibu lisitoke kwa mtu, litoke kwenye kipimo ambacho hata adui yako akikirudia atapata namba ileile. Maisha yake karibu yote yamo ndani ya swali hilo.

UDONGO NAO UNA TABIA

Kabla ya kumfuata jamaa mwenyewe, tuelewane kwanza kuhusu huu udongo. Chukua bonge la mfinyanzi lililokauka. Ni gumu kama tofali, ukililazimisha linavunjika. Ongeza maji kidogo, likande. Sasa linakubali, unaweza kutengeneza chungu au ng'ombe wa kuchezea kama tulivyofanya utotoni. Ongeza maji tena na tena, mwisho linakuwa uji, haliwezi kushika umbo lolote.

Yaani kuna mipaka miwili hapo. Mpaka wa kwanza ni pale udongo unapoacha kupasuka na kuanza kufinyangika. Wa pili ni pale unapoacha kufinyangika na kuanza kumiminika. Kila mpaka unaandikwa kwa asilimia ya maji. Ukitoa mdogo kwenye mkubwa unapata namba moja ambayo mafundi wa maabara wanaiita PI. Tuseme mpaka wa kumiminika ni 60 na wa kufinyangika ni 25, basi PI ni 35.

Hiyo 35 inakwambia nini? Inakwambia udongo huo una nafasi kubwa ya kunywa maji kabla haujageuka uji. Udongo wa namna hiyo mara nyingi ni kiburi: masika unavimba, kiangazi unasinyaa. Waliokulia kwenye udongo mweusi wa mbuga wananielewa vizuri. Kiangazi ardhi inapasuka mpaka mguu wa mtoto unazama, mvua zikija inageuka gundi. Jenga nyumba juu yake bila kujua, ukuta utapata ufa kuanzia dirishani mpaka chini, halafu watu watasingizia saruji feki. Kumbe saruji haina kosa, nyumba imekalia kitu kinachopumua.

Aliyekuwa wa kwanza kuipa mipaka hiyo vipimo ni mkemia wa Sweden, Albert Atterberg, aliyekuwa akifanya kazi mji wa Kalmar. Aliandika kuhusu ufinyangikaji wa mfinyanzi mwaka 1911. Yeye hakuwa na habari na barabara, alikuwa anafikiria mashamba. Kupata mpaka wa kumiminika alikuwa anaweka tope kwenye bakuli, analichora mfereji katikati, halafu anagonga bakuli kwenye kiganja cha mkono na kuangalia kama mfereji unajifunga.

Mmeona tatizo liko wapi? Kiganja cha nani? Mmoja anagonga kwa upole kama anabembeleza mtoto, mwingine anagonga kama kadaiwa. Udongo mmoja, majibu mawili. Atterberg alifariki mwaka 1916 akaliacha hivyo.

KIJANA KUTOKA HIMAYA ILIYOVUNJIKA

Arthur Casagrande alizaliwa tarehe 28 Agosti 1902 katika mji uliokuwa ukiitwa Haidenschaft, ndani ya himaya ya Austria na Hungaria. Leo mji huo unaitwa Ajdovščina na uko Slovenia. Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha mwaka 1918, himaya ilisambaratika. Kijana akasoma uhandisi wa ujenzi Vienna, akamaliza mwaka 1924.

Sasa wadau, hapa ndipo stori inapoanza kufanana na za kwetu. Cheti anacho, lakini ujenzi Austria ulikuwa umekufa kabisa. Mwaka huohuo wa 1924 baba yake akafariki, mzigo wa familia ukamwangukia yeye. Alikuwa na kazi ya usaidizi kwenye maabara ya maji ya chuo chake, na profesa wake alimshauri abaki. Kijana akafikiria, akaona huku hakuna kinachojengwa. Mwaka 1926 akakata tiketi ya Marekani.

Alishuka New York, akalala hosteli kama wiki hivi, akapata kazi ya kuchora michoro kwenye kampuni ya chuma huko New Jersey. Si kubeba boksi, lakini si kile alichosomea pia. Baada ya miezi michache akaenda chuo cha MIT karibu na Boston kuulizia kazi. Huko akakutana na mtu aliyebadilisha maisha yake: Karl Terzaghi.

Terzaghi naye alikuwa wa Austria, mzaliwa wa Prague wa mwaka 1883. Mwaka 1925 alitoa kitabu kilichoanzisha elimu nzima ya mekanika ya udongo. Kabla yake, ujenzi juu ya udongo ulikuwa uzoefu na kubahatisha. Alipomwona kijana wa nyumbani akamchukua papo hapo awe msaidizi wake. Kuanzia mwaka huo wa 1926 mpaka 1932 Casagrande alilipwa na idara ya barabara ya serikali ya Marekani huku akifanya utafiti palepale MIT.

Kwa nini idara ya barabara? Kwa sababu magari yalikuwa yanaongezeka kwa kasi na Marekani ilikuwa inajenga barabara kila kona. Barabara nyingine zinakaa, nyingine zinakufa mapema, na chini yake kote ni udongo. Walitaka njia ya kujua mapema. Mipaka ya Atterberg ilionekana ndiyo njia, lakini ule ugomvi wa kiganja ulikuwa palepale. Kila maabara na mkono wake.

BAKULI

Mwaka 1932 Casagrande alichapisha utafiti wake kuhusu mipaka ya Atterberg. Humo ndimo kilimo kifaa ambacho mpaka leo mainjinia wanakiita kwa jina lake.

Mimi nimeishia kidato cha nne, si injinia. Ila niliwahi kuingia maabara ya kambi moja ya ujenzi wa barabara, fundi akanionyesha. Kwa kweli nilitegemea mashine kubwa yenye taa. Nikakuta kabakuli ka shaba ya njano, ukubwa wa kujaa kiganjani, kamefungwa kwenye bawaba juu ya kitako cha mpira mgumu. Pembeni kuna mpini kama wa cherehani ya mkono. Ukizungusha, bakuli linainuka na kudondoka, ko! ko! ko! Basi. Hicho ndicho kifaa.

Lakini angalia alichokifanya hapo. Bakuli linadondoka kutoka sentimita 1 kamili, si zaidi, si pungufu. Unazungusha mara 2 kwa sekunde. Udongo wenyewe unachekechwa kwanza kwenye chujio lenye matundu ya milimita 0.425 ili mchanga mkubwa ubaki nje. Unaukanda na maji, unaulaza bakulini, unauchora mfereji kwa kisu maalumu chenye ncha ya milimita 2. Halafu unazungusha na kuhesabu. Kingo mbili za mfereji zikigusana chini kwa urefu wa milimita 13, unasimama. Ikiwa umehesabu mapigo 25, basi maji yaliyomo kwenye udongo huo ndiyo mpaka wake wa kumiminika.

Kupata 25 juu ya alama ni bahati, kwa hiyo unarudia mara kadhaa ukibadilisha maji, unachora mstari kwenye karatasi ya grafu na kusoma jibu pale kwenye 25. Maji yanapimwa bila ujanja wowote: unapima uzito, unakausha kwenye oveni ya nyuzi 105 hadi 110, unapima tena. Udongo mbichi ukiwa na gramu 30 na mkavu ukabaki gramu 20, maji yalikuwa gramu 10, yaani asilimia 50 ya ule udongo mkavu.

Kwa lugha nyingine, jamaa alichukua kiganja cha Atterberg, akakiondoa kwenye mwili wa mtu na kukitengeneza kwa shaba na mpira. Kiganja hicho hakichoki, hakina hasira, na hakimjui mkandarasi.

Ule mpaka mwingine, wa kufinyangika, ulibaki kazi ya mkono mpaka leo. Unaviringisha udongo kwa kiganja juu ya kioo, kama mtu anayesuka kamba, mpaka uwe uzi wa milimita 3. Kama bado haujakatika, unaukunja na kuviringisha tena, unazidi kukauka. Siku uzi ukikatikakatika palepale kwenye milimita 3, ndiyo mpaka. Fundi yule alinipa nijaribu, na ndani ya dakika chache nikahisi udongo unakuwa mkaidi vidoleni. Bibi mfinyanzi yeyote angeufahamu ukaidi huo bila mizani.

HARVARD, VITA NA MSTARI A

Mwaka 1932 Casagrande alihamia chuo kikuu cha Harvard, na huko akakaa mpaka alipostaafu mwaka 1973. Mwaka 1936 akafanya jambo ambalo wengi waliliona la kijana mwenye haraka: aliitisha mkutano wa kwanza wa kimataifa wa mekanika ya udongo, hapo Harvard. Wakaja zaidi ya watu 200. Terzaghi akawa rais wa chama kilichozaliwa hapo. Mwaka 1938, Hitler alipoimeza Austria, Terzaghi aliondoka akahamia Marekani, na kituo chake kikawa Harvard kwa mwanafunzi wake. Mwaka 1926 mzee alimpokea kijana, miaka 12 baadaye ikawa zamu ya kijana kumpokea mzee.

Vita vya pili vilipopamba moto, jeshi la Marekani lilihitaji viwanja vya ndege haraka, sehemu ambazo hakuna aliyewahi kuzipima. Casagrande aliwafundisha mamia ya maofisa kutambua udongo. Akawatengenezea mfumo wa kuupanga kwa makundi, mwaka 1942. Baada ya vita akauchapisha, mwaka 1948, ukiwa na chati ambayo kila mwanafunzi wa uhandisi anaijua.

Chati yenyewe ina mpaka wa kumiminika kwenda kulia na PI kwenda juu. Katikati unapita mstari mmoja wa mshazari unaoitwa mstari A. Udongo ukiangukia juu ya mstari ni mfinyanzi hasa. Ukiangukia chini yake ni vumbi laini au udongo wenye mabaki ya mimea iliyooza. Namba mbili tu kutoka kwenye bakuli na uzi, unaweka nukta, unajua unashughulika na nani. Mwaka 1952 mfumo huo ulikubaliwa na idara kubwa za serikali ya Marekani na ukasambaa duniani.

MWALIMU ALIYEKISHUKU KIFAA CHAKE

Hapa ndipo nilipompenda huyu mzee. Wengi wetu tukibuni kitu tunakitetea mpaka kaburini. Yeye mwaka 1958, miaka 26 baada ya kukitoa kifaa, aliandika makala kwenye jarida la mainjinia akionyesha kasoro zake hadharani. Alieleza kwamba vifaa viwili vinavyofanana kwa macho vinaweza kutoa majibu tofauti, kwa mfano kama mpira wa kitako ni mgumu zaidi kwenye kimoja. Alieleza pia kwamba baadhi ya udongo unaitikia mtikisiko tofauti na mwingine, kwa hiyo kuupima wote kwa kudondosha bakuli si haki kabisa. Akasema ingefaa kipatikane kipimo kingine rahisi kisichotegemea mtikisiko.

Na kilikuwepo kinachokuja. Wasweden walikuwa na koni ya chuma inayoachiwa izame kwenye udongo. Mwaka 1975 Waingereza wakaifanya koni kuwa chaguo la kwanza kwenye kanuni zao: koni ya gramu 80 pamoja na shina lake, unaiachia sekunde 5, ikizama milimita 20 hapo ndipo mpaka wa kumiminika. Ukitembelea maabara za ujenzi unaweza kukuta koni na bakuli vimekaa meza moja kama mtu na shemeji yake.

Mwaka huohuo wa 1958 Terzaghi naye alichapisha habari za bwawa la hapa jirani, Kenya. Ni bwawa la Sasumua, upande wa Kinangop, linaloipelekea Nairobi maji. Lilijengwa miaka ya 1950 na Terzaghi alikuwa mshauri. Udongo wa pale ulipopimwa ulionekana wa ajabu: unashika maji mengi kupita kiasi, na nukta zake zinaangukia chini ya mstari A. Kwa kusoma karatasi tu, ungesema utupwe. Terzaghi akachunguza akakuta chembe zake zimeshikana vifundo vifundo, na maji mengi yamefungiwa ndani ya vifundo hivyo. Udongo wenyewe ulikuwa imara. Bwawa likajengwa kwa udongo huohuo.

Nimeliweka hili kwa sababu kuna vijana watasoma hapa na kudhani namba inamaliza kila kitu. Namba inamzuia mtu kudanganya. Lakini kufikiri ni kazi yako bado.

TETON, 5 JUNI 1976

Casagrande alijua vizuri kwamba hatari kubwa haikai kwenye udongo peke yake. Terzaghi alifariki mwaka 1963, na mwaka 1964 Casagrande alitoa mhadhara wa kumuenzi, kuhusu hatari katika ujenzi wa udongo. Kati ya hatari alizozitaja ni zile zinazoletwa na binadamu: mpangilio mbovu wa kazi, kutotumia ujuzi uliopo, na rushwa. Ndiyo, rushwa. Profesa wa Harvard, mbele ya mainjinia wenzake, aliiweka rushwa kwenye orodha moja na tabia za ardhi.

Halafu likaja jaribio la uzeeni. Tarehe 5 Juni 1976, jimbo la Idaho, Marekani, bwawa jipya la Teton lenye urefu wa mita 93 kwenda juu lilikuwa linajazwa maji kwa mara ya kwanza. Asubuhi watu wakaona maji yanavuja. Kabla ya saa sita mchana ukuta ulikuwa umemeguka. Watu 11 wakafa, miji ya chini ikafagiliwa. Casagrande, akiwa na miaka 73 na ameshastaafu, akaitwa kwenye jopo huru la kuchunguza.

Moyo wa bwawa lile ulijengwa kwa vumbi laini lililoletwa na upepo zamani za kale. Udongo wenye ufinyangikaji mdogo sana au hauna kabisa. Ukijaribu kuuviringisha uzi, haukubali. Chembe zake hazishikani, maji yakipata upenyo yanazibeba kama unga. Na upenyo ulikuwepo: miamba ya pembeni ilijaa nyufa ambazo hazikuzibwa ipasavyo. Jopo halikusema kosa ni la udongo. Lilisema udongo dhaifu namna ile, kwenye miamba ile, ulihitaji ulinzi ambao usanifu haukuupa.

Hapo bakuli lilishafanya kazi yake. Tabia ya udongo ilijulikana. Kilichokosekana ni watu kuichukulia kwa uzito walipokuwa wanaamua wajenge vipi.

Arthur Casagrande alifariki Boston tarehe 6 Septemba 1981, siku chache baada ya kutimiza miaka 79. Mdogo wake, Leo, naye alikuwa mtaalamu wa udongo na alifundisha Harvard pia. Wanafunzi wa Arthur walitawanyika duniani kote wakawa maprofesa na wajenzi wa mabwawa.

Wadau, kila barabara inapobomoka tunalalamika juu ya mkandarasi na wakubwa, na pengine tuko sahihi. Lakini kuna swali tunalolisahau. Kabla ya lami kumwagwa, kuna karatasi iliyojazwa namba za udongo. Nani aliijaza, na je, bakuli lilizungushwa kweli au namba ziliandikwa chini ya mwembe? Jamaa alitumia miaka yake ili karatasi hiyo isiwe suala la mkono wa mtu. Mtu akiandika namba ambayo hajaipima, ameturudisha kwenye kiganja, tena kibaya kuliko cha Atterberg.

Kama uko kidato cha tatu au cha nne na unasoma hii huku saa ya kafe inayoyoma, ujue kazi ya ufundi wa maabara ya udongo ipo, na inahitaji mtu mvumilivu na mkweli kuliko mtu mwenye maneno mengi. Mafundi na mainjinia mnaopita humu, mwageni uzoefu wenu hapo chini kwenye maoni: eneo lenu udongo ukoje, na PI kubwa kuliko zote mliyowahi kukutana nayo ni ngapi?